Shamsia Aliyefunga Mwaka Mzima

Kwa karibu mwaka mzima, mpishi hodari kuliko wote Majengo hakumeza hata kijiko kimoja cha pilau aliyoipika kwa mkono wake mwenyewe, na mtaa mzima ukawa unampongeza. Ndivyo watu tulivyo. Tunamwona mwenzetu anayeyuka, tunampigia makofi.

Jina lake ni Shamsia. Ukimtaja pale Majengo utaulizwa, "Shamsia wa sufuria?" na hapo ujue umefika. Iwe harusi, hitima, maulidi, au wazee wanakutana kumrudisha mke kwa mumewe, sufuria za Shamsia ndizo hutangulia, wakafuata watu, halafu maneno. Kazi aliirithi kwa nyanyake, na tangu usichanani alijua moto unataka nini: kuni za kuanzia, makaa ya kumalizia, na kaa juu ya mfuniko ili wali uive juu na chini. Alikuwa mwanamke wa mwili, na mwili wenyewe ulikuwa tangazo la biashara. Mpishi mwembamba haaminiwi sana mtaani kwetu. Watu husema, chakula chake kingekuwa kitamu, angeanza kunenepa yeye.

Lakini mwili huo ulimletea kisukari, na magoti nayo yakaanza kugoma. Ikafika siku Shamsia hawezi kuinamia sufuria bila kushikwa kiuno. Madaktari wakajaribu dawa, wakajaribu hiki na kile, mwisho wakamshauri afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo. Walimweleza vizuri kabisa: sehemu kubwa ya tumbo inaondolewa, linabaki jembamba kama ndizi, na kuanzia hapo atakula kidogo kidogo, polepole, tena atarudi kliniki mara kwa mara maisha yake yote. Shamsia akaitikia kila neno. Mumewe, Hanif, dalali wa mbuzi kule Kiamaiko, ambaye humjua mbuzi mnono kwa kumpapasa mgongo tu, alimwambia, "Mama Sabra, mimi nakutaka mzima. Unene na wembamba ni mambo yako."

Upasuaji ukafanikiwa, na hili lisemwe wazi, kwa sababu wako wanaopenda kusema hospitali zinaua watu. Kisukari kilishuka. Magoti yakanyamaza. Shamsia akawa anateremka soko la Gikomba kununua vitunguu na kupanda tena kwa miguu yake, bila kusimama kwa kila muuza nguo kujifanya anatazama bei. Furaha yake ilikuwa ya kweli na ilikuwa haki yake.

Kisha zikaanza sifa. Jirani yake wa mlango kwa mlango, Bi Sauda, mjane mwenye ulimi usiojua likizo, alikuwa akimsimamisha barabarani na kumgeuza kama nguo ya dukani. "Umekuwa mwari, mwanangu. Hanif afunge mlango." Wanawake ambao hawakuwahi kumsalimu wakawa wanamwita. Na siku moja, kwenye harusi katika ukumbi wa Kaloleni, mgeni mmoja asiyemjua hata jina alimpiga bega akicheka: "Sasa angalia usirudi ulikotoka."

Shamsia alicheka pia. Yule mwanamke akala biriani yake akaenda zake, na kwa hakika alilisahau neno lile kabla ya kufika stendi. Shamsia hakulisahau. Lilikaa kifuani mwake kama mwiba wa samaki.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, tena kwa njia ndogo sana. Alikuwa ameonywa kwamba akila haraka chakula kitarudi, na siku moja akiwa na haraka ya kazi alimeza kipande cha nyama bila kukitafuna vizuri, kikarudi. Aliumia. Lakini chini ya maumivu alihisi kitu kingine, afueni, kana kwamba kosa limefutwa. Kesho yake hakusubiri chakula kirudi chenyewe, alikiita. Baadaye akagundua kwamba hata kumeza si lazima. Akawa anatafuna, anapata ladha, kisha anatema kwenye karatasi laini na kuificha ndani ya mkono wa buibui. Ukimuuliza, angekwambia mpishi lazima aonje.

Hata hivyo, kutapika na kutema kunataka maficho, na nyumba za Majengo hazina maficho. Kwa hiyo Shamsia akapata njia iliyo safi zaidi. Akaanza kufunga. Alianza na Jumatatu na Alhamisi, akaongeza zile siku nyeupe za katikati ya mwezi, kisha akafunga Rajabu, akafunga Shaabani. Nani atamuuliza mtu aliyefunga mbona huli? Watu walimwangalia kwa heshima. Bi Sauda akawa anamwomba dua. Na moyoni Shamsia alijua, kwa aibu iliyomchoma kila alipotia nia, kwamba hamfungii huyo Mungu anayemtaja. Anaufungia mzani wa duka la dawa, ambao alikuwa akiukanyaga kila siku, na siku nyingine asubuhi na jioni.

Mtu wa kwanza kuona hakuwa na ruhusa ya kusema. Huyu alikuwa Perez, msaidizi wa Shamsia, mama wa Kaloleni, Mluo, binti wa mfanyakazi wa reli na mwimbaji wa kwaya. Walikuwa wamepika pamoja tangu watoto wao wakiwa mgongoni. Na kwa kuwa Perez hafungi, kila Ramadhani yeye ndiye aliyekuwa ulimi wa Shamsia: anaonja mchuzi, anaonja wali, anatoa hukumu. "Chumvi iko mbali," atasema, au, "Hapo, usiguse tena." Ulikuwa utani wao wa miaka mingi, na Ramadhani ikiisha ulimi ulirudi kwa mwenyewe.

Mwaka huo ulimi haukurudi. Perez alionja Rajabu, akaonja Shaabani, akaonja kwenye harusi na kwenye misiba. Akaona Shamsia anavaa sweta mbele ya jiko linalowaka. Akaona mkono uliokuwa ukigeuza wali wa watu mia tatu sasa unatetemeka kwa upawa wa uji. Na kwenye maulidi moja, Shamsia alipoinama kufunua sufuria, macho yalimzunguka akaanza kuangukia kwenye mchuzi unaochemka. Perez alimdaka kwa nyuma, wote wawili wakaanguka kwenye majivu.

"Mama Sabra, hii si kufunga," Perez alisema walipokuwa bado wamekaa chini. "Mimi nimewaona mkifunga miaka yote. Jioni mnakula. Wewe jioni unabeba tu sahani za watu. Hii ni kitu ingine."

"Na wewe tangu lini umekuwa ustadh?" Shamsia akamjibu. "Shughulika na dini yako."

Perez angesema nini? Mkristo wa Kaloleni amwambie Mwislamu wa Majengo aache kufunga? Alijipangusa majivu, akarudi kwenye sufuria, na jioni nyumbani kwake akalia kwa hasira. Shamsia naye aliumia, maana hakuwahi kumjibu hivyo mwenzake. Lakini hofu ya kula ilikuwa kubwa kuliko aibu. Alijua kwamba siku moja hatakuwepo wa kumdaka, na bado asubuhi yake alitia nia tena.

Ramadhani ikaja, ikampa mfuniko mkubwa kuliko yote. Mpishi hula mwisho, hilo kila mtu analijua. Adhana ikilia, Shamsia alifungua kwa tende moja na maji, kisha akainuka: huyu hana uji, yule hajapata kaimati, mikate ya sinia imekwisha. Wenzake wakishiba na kusogea, yeye ndiyo kwanza anakusanya vyombo. Chungu cha kwanza, yaani siku ya kwanza ya mfungo, kikapita, cha kumi kikapita, hadi mwezi ukaandama. Hanif, bwana wa kupapasa migongo ya mbuzi, alilala kando ya mgongo ule mwezi mzima asiupapase kwa mkono wake wa sokoni. Nyumba njema si mlango, wazee walisema, na wote tulikuwa tumesimama mlangoni tunasifia rangi.

Kilichomfichua ni hesabu ya wanawake.

Shamsia alikuwa na wifi, dada yake Hanif, jina lake Khawla, fundi maarufu wa kupaka hina, chumba chake kiko nyumba ya pili. Kila mwaka ikifika Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mawifi hawa wawili hulipa pamoja siku walizokula ndani ya Ramadhani kwa udhuru wa kike. Kulipa peke yako kunachosha, lakini mkiwa wawili mnaamshana daku, mnasengenya kidogo, siku inakwisha. Basi sikukuu ilipopita Khawla akaja kwa mpango wao wa kawaida.

"Wifi, tunaanza Jumatatu?"

"Mimi mwaka huu sina deni," Shamsia alisema huku anachambua mchele. "Nimefunga mwezi wote. Naanza sita za sunna."

Khawla akasema mashallah. Akamtazama wifi yake aliyevaa sweta juani, anayechukizwa na harufu ya nyama, anayekimbilia chooni akila kidogo tu, na ambaye hana deni. Akili yake ikaenda moja kwa moja pale ambapo akili ya mwanamke yeyote wa Majengo ingeenda. Akaondoka mbio bila kuaga.

Ilipofika alasiri nyumba ilikuwa imejaa. Hanif alitoka Kiamaiko na maini na kichwa cha mbuzi cha supu, anacheka peke yake, maana binti yao Sabra alikuwa kidato cha tatu na walikuwa wamekwisha kata tamaa ya mtoto wa pili. Bi Sauda aliingia na vigelegele kabla hajaingia na miguu. Khawla akamshika wifi yake mabega na kumgombeza mbele ya watu: "Na wewe mjamzito unafunga Ramadhani nzima? Nani alikwambia wewe malaika?"

Shamsia aliwatazama mmoja mmoja. Alitazama uso wa mumewe, na akatamani ardhi impokee.

"Sina mimba," alisema.

"Umejuaje?"

"Najua. Nilipima."

Vigelegele vikafa. Hanif akaweka chini yale maini. Bi Sauda, kwa mara ya kwanza katika historia yake, akaaga mwenyewe. Khawla akabaki amemshika wifi yake mabega, na chini ya vidole vyake hakukuwa na mabega, kulikuwa na mifupa.

"Basi, wifi," akauliza kwa sauti ya chini, "siku zako ziko wapi?"

Siku za Shamsia zilikatika tangu kabla ya Rajabu, na yeye alishukuru, kwa sababu hakuna cha kumkatiza kufunga. Alikuwa ameiita neema. Sasa alipolisikia swali hilo kwa sauti ya mwanamke mwenzake, aliogopa vibaya sana, si kuogopa kunenepa, kuogopa kufa. Akainamisha kichwa, ushungi ukateleza, na Khawla akaona nywele chache zilizobaki.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Khawla hakukubali kungoja kifo kifanye kazi hiyo. Alivaa buibui akavuka hadi Kaloleni kwa Perez, na Perez, aliyekuwa ameumeza ukweli miezi mingi, aliumwaga wote: sweta, karatasi ndani ya mkono wa buibui, sahani za jioni, mchuzi uliokaribia kumpokea mtu. Kesho yake wanawake hao wawili walimfikisha Shamsia kliniki ile ile iliyomfanyia upasuaji. Alikuwa ameacha kuhudhuria, kwa hoja kwamba mzani uko vizuri, na simu za muuguzi aitwaye Nyawira alikuwa akizikata.

Shamsia alitarajia kupandishwa kwenye mzani na kusifiwa, au kugombezwa. Nyawira hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuacha mzani kwenye kona, akamkalisha na kumuuliza maswali kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za nyumbani.

"Ukitapika, mama, huwa inakuja yenyewe, au wewe ndiye unaiita?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Shamsia alimtazama Khawla, akatazama sakafu.

"Inakuja yenyewe," akasema. Kisha akaongeza: "Zamani ilikuwa inakuja yenyewe."

"Na kutafuna halafu kutema?"

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nauliza kila mtu." Nyawira akasogeza kiti. "Wagonjwa wetu wote wanakula kidogo. Wote wanatafuna sana. Wengine wanatapika kwa sababu tumbo ni dogo. Kwa hivyo mtu akianza kuugua ugonjwa wa kuogopa chakula, hapa ndipo unapojificha vizuri zaidi, na watu wanamwambia amependeza. Nikiangalia tu, sitauona. Lazima niulize."

Daktari akampima damu, akaingiza kamera kuangalia kama tumbo limeziba mahali. Damu ilikuwa imepungua sana. Tumbo lilikuwa salama, njia iko wazi. Aliyeifunga alikuwa Shamsia mwenyewe, na siku ile alilia na kusema yote, hata habari ya nia. Hilo ndilo lililomuuma Khawla zaidi, maana alikuwa akimwonea gere wifi yake kwa ucha Mungu.

"Naogopa kurudi kuwa yule wa zamani," Shamsia alisema.

"Yule alikuwa na ubaya gani?" Nyawira akauliza.

"Alikuwa mgonjwa."

"Na huyu?"

Mgonjwa haulizwi uji, lakini uji peke yake haukutosha kumponya huyu. Alipewa mshauri wa kuzungumza naye kila wiki, na mtaalamu wa lishe aliyempangia vijisahani vya kikombe kimoja mara sita kwa siku. Ukimsikia mtu anasema ugonjwa huu ni wa kujitakia, mwambie aende akamwone mwanamke mzima, mama wa mtu, anatetemeka mbele ya nusu yai. Wiki za kwanza Shamsia alisema ni afadhali wamkate tena. Perez ndiye aliyepewa kazi ngumu kuliko zote: kukaa naye kila baada ya chakula, hadi ile hamu ya kwenda chooni ipite. Akakaa. Akamsimulia skendo zote za kwaya, nani amegombania sauti ya kwanza na nani, na zilipokwisha za kweli akatunga.

"Wewe ni mwongo," Shamsia alimwambia siku moja, akicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kisha akasema lile alilokuwa akilibeba. "Perez, nisamehe kwa neno la siku ile ya maulidi."

"Nilikusamehe hapo hapo kwa majivu. Kula yai."

Hanif naye alijipa kazi yake. Alimwambia mkewe kweli, bila kupamba: "Mbuzi wa namna hii ningemkataa sokoni, na mke wangu sikumwona. Nimeona haya." Tangu siku hiyo alirudi nyumbani adhuhuri, akala naye sahani kwa sahani, na hakutaja mwili wake kwa zuri wala kwa baya. Khawla alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake kwamba atakayemwambia Shamsia amekonda au amenenepa hatapakwa hina na mkono wake mpaka kiama. Kuiambia Majengo inyamaze ni sawa na kuiambia Gikomba, lakini hina ni hina, na harusi zilikuwa nyingi mwaka ule. Wakanyamaza.

Haikuwa njia iliyonyooka. Baada ya Idi ya kuchinja Shamsia aliteleza, akajitapisha. Ila mara hii alinawa uso, akachukua simu, akampigia Nyawira mwenyewe kabla hajaulizwa. "Nimefanya," akasema. Nyawira akamwambia kwamba kupiga simu ile ni ushindi, na Shamsia hakuelewa siku hiyo. Alielewa baadaye, alipoona kwamba hakuna tena mtu anayemchunguza, na bado anameza.

Na ikaja asubuhi moja ambayo Khawla ataisimulia hadi kaburini. Alikuwa anampaka hina bibi harusi, chumba kimejaa mashangazi wa watu, Shamsia akasimama mlangoni, uso unang'aa, akasema, "Wifi, leo siswali. Zimerudi."

Khawla aliangusha piko, akapiga kigelegele kilichowatoa watu nje hadi barabarani. Mashangazi wakatazamana. Hawakuwahi kuona mwanamke akishangiliwa kwa kutoswali, na hakuna aliyewaeleza kitu. Mawifi walikuwa wamekumbatiana, wanalia na kucheka, na mkono wa bibi harusi ukaharibika ikabidi waanze upya.

Ramadhani iliyofuata ilipokaribia, Shamsia alikuwa amerudi kwenye sufuria zake kwa nguvu, anaonja na kumeza, na msikiti ulikuwa umempa kazi ya futari ya mwezi mzima. Alijiona amepona. Alitaka kufunga. Daktari na Nyawira wakakataa: mwaka huu bado. Akaenda kwa Ustadh Twalib, mwalimu wa madrasa aliyemfundisha tangu alifu, akitumaini kupata fatwa laini.

"Mgonjwa ameruhusiwa," mzee akasema. "Utalipa utakapopona sawasawa. Unataka kumpita aliyekuruhusu?"

"Watu watasema, ustadh."

"Watasema. Sasa nijibu, mwanangu. Mwaka jana, ulikuwa ukimfungia nani?"

Shamsia akashindwa kumtazama. "Mzani," akasema.

"Basi mwaka huu kula kwa ajili ya Mungu. Nenda ukatie nia."

Chungu cha kwanza, saa sita mchana. Uani kwa Shamsia sufuria za futari zilikuwa zimepangwa, Perez anasukuma kuni. Shamsia akajipakulia kikombe chake cha wali na vipande vya nyama laini. Angeweza kuingia ndani na kushusha pazia, na hakuna ambaye angemlaumu, maana heshima ya mwezi ni heshima. Lakini alikuwa amejifunza kwamba pazia ndilo lililokaribia kumuua. Hakutoka barabarani kula mbele ya waliofunga. Alikaa jikoni kwake, kwenye kibao chake, akaacha mlango wazi. Akanuia. Akasema bismillahi, akaanza.

Kijiko cha tatu kilikuwa mdomoni Bi Sauda alipoingia kuomba ndimu.

Bibi huyu aliganda. Perez akaacha kuni. Kwa nukta moja karatasi za zamani zilimwita Shamsia. Akatafuna, bila haraka, jinsi alivyofundishwa. Akameza. Kisha akasema:

"Karibu, Bi Sauda. Mimi nilikuwa naumwa. Nilikuwa nafunga ili nisile, si kwa ibada, na nikakaribia kujimaliza. Sasa natibiwa, na dawa yangu ni hii. Daktari amesema nile, ustadh amesema nile. Ndimu ziko kwenye kikapu."

Alingoja. Alijua kufikia alasiri mtaa mzima utakuwa na habari, na akashangaa kuona kwamba hajali. Alijisikia mwepesi kuliko siku yoyote ambayo mzani ulimsifu.

Bi Sauda hakuzifuata ndimu. Alikaa chini polepole, juu ya gunia la makaa. Macho yalimjaa machozi.

"Salha, binti yangu," akasema hatimaye. "Alikuona wewe ulivyopendeza, akaenda naye kufanyiwa. Ile ile. Anafunga tangu Rajabu, jioni hali kitu, anasema ameshiba. Na mimi namtangaza msikitini." Akashika mkono wa Shamsia ulioshika kijiko. "Naye mwaka jana hakuwa na deni hata siku moja."

Shamsia aliweka mkono wake mwingine juu ya mkono wa yule mama. Hakumwambia asiogope, kwa sababu kuogopa ndiko kulikomwokoa yeye. Alimwambia kesho asubuhi wataenda kwa Nyawira wote watatu, na kwamba Salha akikataa, atakuja mwenyewe kumkalia mlangoni mpaka akubali.

"Na kliniki ikituachia mapema," akasema, "mlete hapa saa sita. Mlango utakuwa wazi. Atanikuta nakula."

Kisha, Bi Sauda akimtazama mdomo kijiko kwa kijiko, mpishi wa Majengo akamaliza sahani yake yote.